Kumtafutia Mbwa wa Mama pa Kulala

Mama yangu alikubali kupasuliwa macho kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa na miguu minne. "Siendi Tanga wala siendi popote," alisema, "mpaka nijue huyu atalala wapi na nani atamwangalia." Huyu alikuwa kijibwa cha rangi ya chai ya maziwa, kidogo kiasi kwamba ukimweka kwenye kapu la sokoni bado unapata nafasi ya nyanya. Familia moja ya watumishi waliohamishwa kutoka Korogwe ilituachia, ikasema itamrudia ikishatulia huko iendako. Nadhani bado haijatulia.

Alipofika kwetu, mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumfunika mama macho yote mawili. Tukamvisha mbwa kengele ndogo shingoni ili mama asimkanyage, na kumbe tulikuwa tumemnunulia mama fimbo. Mama akishuka kitandani, mbwa anatangulia mlangoni, kengele inalia, mama anaifuata. Mtu wa nyumbani akiingia anabweka mara moja, mgeni akiingia anabweka mpaka akemewe. Usiku alilala miguuni pa mama, juu ya kitanda hichohicho, na mama alimsemesha Kishambaa cha Lutindi alikozaliwa, kile cha zamani ambacho hata mimi maneno mengine yananipita.

Hospitali ilitupa tarehe. Jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, jumla wiki tatu. Tungefikia kwa binamu yangu aliyepanga chumba kimoja, kwa mwenye nyumba asiyetaka hata kuku. Tukiikosa tarehe tunarudi mwisho wa foleni, na mama alikuwa ameshaanza kukosea mlango na dirisha. Siku moja nilimkuta anamwaga maji ya kunawa juu ya kitambaa cha mteja wangu, anadhani ni karo. Sikumlaumu, ila nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Kilole, na wateja husema nikimpima mtu kiuno nampima na siri zake. Ni kweli. Napenda kujua watu wanaishije. Kwa hiyo, pamoja na hofu yote, nakiri kwamba kazi ya kumtafutia mbwa malezi ilinipa raha fulani. Nasikia Dar siku hizi kuna nyumba za kulea mbwa, zenye vitanda na picha ukutani. Korogwe hatuna. Ilibidi niingie nyua za watu niulize maswali ambayo kwa kawaida huulizi: mbwa wako anakunywa wapi, akiumwa mnafanyaje, mlango huu unafungwa na nani? Kuuliza si ujinga, nami nilikuwa na sababu safari hii.

Nilianzia karibu, kwa rafiki yangu tunayeimba naye kwaya. Huyo anampenda yule mbwa kuliko anavyowapenda baadhi ya wanakwaya. Alipiga makofi, akasema atamlaza kitandani kwake na atampikia wali. Nilikaa kwake saa nzima nikijidai naangalia gauni lake la harusi ya mdogo wake, lakini nilikuwa naangalia geti. Katika saa ile lilifunguliwa mara kumi na moja na kufungwa mara nne, na nje yake, hatua chache tu, ni barabara kuu ya malori. Anatoka muuza mkaa, anaingia jirani kuomba chumvi, watoto wa shule wanapita mkato. Upendo ulikuwapo tele pale, lakini komeo halikuwapo. Nikamwambia mama ameamua vingine, na mama hakuwa ameamua lolote.

Wa pili alikuwa bwana mmoja afugaye mbwa wa ulinzi, karibu na mashamba ya mkonge. Alinipokea kwa maneno mengi: mbwa wake wanalinda magodauni, wanajua amri, yeye ana uzoefu, hakuna kama yeye toka hapa mpaka Segera. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nilijisemea, lakini nikamfuata kwenye mabanda. Ilikuwa saa saba mchana. Makopo ya maji yalikuwa makavu kabisa, yamelambwa mpaka yanang'aa. Nikatazama mbwa wenyewe. Bwana yule alipokaribia, wote waliangalia mkono wake kwanza, uso baadaye. Mbwa wetu sisi huangalia uso. Niliuliza wa kwangu atawekwa wapi, akasema, "Tutamchanganya na wenzake, mama, atakomaa." Nikamshukuru, nikatoka kwa hatua ndefu.

Siku zikabaki saba. Nikakumbuka mteja wangu mmoja, mama wa Kimaasai wa upande wa Handeni, ambaye watoto wake nawashonea sare za shule. Ninyi mnaojua Handeni mnajua kwamba kule kwenye tambarare kavu, mbwa ni mtu wa nyumbani kweli. Nikapanda gari asubuhi, kisha bodaboda, nikafika bomani kwake nimebadilika rangi kwa vumbi. Akanisalimia, "Takwenya," nikajibu, "Iko," kama alivyonifundisha yeye mwenyewe kibandani kwangu, na wakwe zake wakacheka jinsi nilivyoitamka.

Mbwa wao watatu walikuwa wamelala katikati ya ndama, na ndama mmoja alikuwa amemwekea mbwa kidevu mgongoni. Nilipenda. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya kijibwa chetu. Akaitazama kwa muda, akaipitisha kwa wengine, ikarudi kwake.

"Huyu anafanya kazi gani?" aliuliza.

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikafikiri, nikasema anamwongoza mama yangu mlangoni, anamwambia nani ameingia.

Hakucheka. Alilipima jibu langu kama mtu anayepokea ng'ombe wa mahari. "Hiyo ni kazi," alisema. Kisha akanirudishia simu. "Lakini hapa atakufa, mama. Sisemi kwa ubaya. Mbwa wetu hawafungwi, wanatoka na mbuzi, wanarudi na mbuzi. Huyu akitoka, fisi hata hatakimbia. Atamwokota."

Nimeshawahi kukataliwa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kukataliwa kwa uaminifu namna ile, na nilimheshimu. Akanipa maziwa ya mgando, halafu akanipa na maelekezo. Wao watoto wa mbwa huwachukua kwa mwanamke mmoja wa Kizigua, mkulima, anayejua mbwa kuliko mtu yeyote aliyemwona. Nikauliza anakaa wapi. Kwamndolwa, akasema. Yaani nilikuwa nimekula vumbi lote lile ili niambiwe nirudi kata ya jirani na kwangu.

Nilimkuta kesho yake, anapukuchua mahindi uani, mwanamke wa rika langu, mjane, mtandio umefungwa vizuri, kichwani hakuna unywele unaoonekana. Nikajua ni mtu wa swala, na moyo ukashuka. Sisi huku tumekaa pamoja miaka mingi, Wazigua Waislamu na Washambaa wa misheni, tunazikana na kuozana, na kila mtu anajua kwamba udenda wa mbwa kwao ni najisi. Nikawaza: huyu atamwangaliaje mbwa ambaye hata kumgusa hataki?

Basi nikauliza hivyohivyo, maana ndivyo nilivyo. "Dada, nawe ni mtu wa swala tano. Mbwa unawafugaje?"

Akaendelea kupukuchua. "Kwa sababu hiyohiyo," alisema. "Twende uone."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mbwa wawili wa kienyeji, wembamba, macho safi. Ni walinzi wa shamba lake la mahindi, wanafukuza ngedere mchana na nguruwe pori jioni. Sufuria zao mbili zilipakwa rangi nyekundu, zimetundikwa kwenye misumari yao, hazijawahi kuingia jikoni, na za jikoni hazijawahi kufika kule. Maji yalikuwapo, tena safi. Kichanja cha mahindi kilizungushiwa wavu wa kuku mpaka chini, na mlango wake ulikuwa na makomeo mawili. Niliyafungua na kuyafunga yote mawili. Nilichungulia masikio ya mbwa mmoja, nikakosa kupe. Yeye alisimama kando, mikono nyuma, ananitazama ninavyochungulia.

"Mbwa mkavu, mtu mkavu, hakuna neno," alinieleza. "Shida ni maji. Akinilamba ninaosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo niswali. Sasa, kila nikitaka kutawadha, naangalia kwanza mbwa wangu wako wapi. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Siku yoyote mara tano najua kila mbwa wangu yuko wapi na anafanya nini. Wewe wa kwako unamwangalia mara ngapi?"

Mwezi uliopita tu tulimtafuta nyumba nzima nusu siku, tukamkuta kwa jirani anakula dagaa.

Kisha ikawa zamu yake kuuliza, na nikaona nimekutana na mdadisi mwenzangu. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iko wapi? Nikaitoa, pamoja na picha yake kwenye simu. Anakula nini, saa ngapi? Anaogopa nini? Anaelewa lugha gani? Nikasema Kishambaa, akasema hapo hakuna tatizo, Kizigua na Kishambaa ni ndugu, mbwa atasikia.

"Analamba?"

"Hapana," nikasema.

Akanitazama. "Mbwa mdogo hivi halambi kabisa?"

"Halambi. Amelelewa vizuri."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Yule mbwa hulamba kama amelipwa. Hulamba miguu ya mama asubuhi mpaka mama acheke, hulamba sahani, hulamba cherehani. Lakini ningemwambiaje mwanamke yule kwamba mama yangu analala na mbwa kitanda kimoja, na kwamba asubuhi ananawishwa kwa ulimi? Watu wa Korogwe tumelelewa kufichiana yanayokera. Sisi tukipika kitimoto tunafunga dirisha la upande wa jirani. Wao wakifunga, sisi hatuli barazani. Mtoto anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma, na tunaliita heshima. Basi nami nikamheshimu kwa uongo.

Mama aliposikia habari aliuliza jambo moja. "Atamshika?"

"Hamshiki, mama. Ni Mwislamu."

"Asiyemshika atamlindaje?"

Nikamweleza za mara tano. Akahesabu kwa vidole, swala kwa swala, akifumba kidole kimojakimoja, kisha akakubali shingo upande. Siku ya safari nilimpeleka mbwa Kwamndolwa na kanga kuukuu ya mama ya kulalia. Alinitazama kupitia wavu mpaka nikapinda kona, nami nilijisikia mwizi.

Simu ilikuja siku ya pili tukiwa Tanga, tumekaa kwenye benchi la hospitali, mama ameshatiwa dawa ya kupanua jicho, anasubiri kuitwa.

"Dada," ilisema sauti ya Kwamndolwa, bila salamu. "Mbwa wako analamba."

Nikaanza kusema labda ni ugeni, labda ni njaa.

"Nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili." Akanieleza. Jana alasiri alimfungulia akajisaidie, akadhani hana neno, akatawadha palepale uani. Yuko miguu mibichi, anatafuta kandambili, mbwa akaja nyuma yake akamlamba kisigino mpaka kifundoni. Akaosha mara saba, moja kwa udongo. Akafua na pindo la kanga. Alipomaliza, wakati wa swala ulikuwa umembana mpaka karibu na magharibi. "Ningejua, ningetawadha kwanza nikavaa kandambili, ndipo nimfungulie. Ni jambo dogo tu. Lakini umenificha. Mficha uchi hazai, dada."

Nilijua atakachosema baada ya hapo. Njoo umchukue. Na nilikuwa nimekaa Tanga, na mama yuko zamu ya tatu.

Mama macho yalikuwa yamemfifia, masikio hayakumfifia hata kidogo. Alikuwa ameshasimama. "Kimempata nini?"

"Hakijampata kitu, mama, kaa."

"Wewe unaficha." Akaanza kupapasa benchi akitafuta mkoba wake. "Twende nyumbani." Muuguzi akamtazama, akanitazama. Wagonjwa wote wa benchi wakageuza vichwa vyao vyenye plasta upande wetu. Niliona aibu, na nilimkasirikia mama, na nilimkasirikia mbwa, lakini zaidi nilijikasirikia mimi.

Simu ilikuwa bado inaongea. "Sasa niambie na mengine," ilisema. "Yote. Usinichagulie."

Nikasema. Mbele ya mama, mbele ya benchi zima. Kwamba analala kitandani. Kwamba anakula pembeni mwa sahani ya mama. Kwamba radi ikipiga anajikojolea. Kwamba anaiba sabuni na kuifukia. Nilisema haraka kama mtu anayetapika, na upande wa pili haukunikatiza, ulisema tu "enhe" kila baada ya jambo.

"Kumbe ni sabuni," ilisema mwishowe. "Nimeitafuta tangu asubuhi."

Mama akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaambiwa shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akauliza bila kuzunguka: "Yuko wapi sasa hivi?"

Aliishika simu kwa mikono miwili, na sauti ilitoka kubwa kiasi kwamba nami nilisikia. "Yuko chini ya kichanja, mama. Kalalia kanga yako upande wa kivuli. Maji nimembadilishia adhuhuri. Amekula nusu, nusu amewaachia kuku."

"Na jana saa kama hizi?"

"Jana saa kama hizi alikuwa mlangoni pa wavu, anaangalia njia aliyopita binti yako. Leo haangalii sana."

"Haangalii sana," mama alirudia, sijui kwa furaha au kwa wivu. Akanirudishia simu, akakaa chini, akaweka mkoba magotini. Alipoitwa alikwenda na muuguzi bila kunitafuta.

Tulirudi baada ya wiki tatu, mama amevaa miwani nyeusi kubwa, anasoma mabango yote ya barabarani kwa sauti. Alitaka tupitie Kwamndolwa kwanza. Tulimkuta mbwa amenenepa kidogo, amekaa upande wake wa uani, na kati yake na nyumba kulikuwa na mstari wa mawe. Alituona, akalia, akazunguka kama pia, lakini hakuvuka yale mawe. Alimtazama yule mwanamke. Yule mwanamke akasema neno moja la Kizigua, ndipo akaruka.

Mama alimkumbatia, mbwa akamlamba miwani. Mwenyeji wetu alisimama mbali kidogo, kandambili miguuni, akitabasamu. Mama akamwambia asante kwa Kishambaa. Akajibiwa kwa Kizigua. Walielewana vizuri kuliko nilivyotarajia, na mimi sikuulizwa kitu.

Jioni ile nyumbani mama alipanda kitandani, akapiga godoro kwa kiganja kama alivyozoea. Kengele ikaja mpaka kwenye mlango wa chumba ikakoma. Mbwa alikuwa amekaa nje ya kizingiti. Mama akamwita. Mkia ulifagia sakafu, akalialia, hakuingia. Nikamsukuma taratibu kwa mguu, akaingia hatua mbili, akageuka akarudi kulekule kukaa.

"Wamemharibu," mama alisema.

Hakuna aliyemharibu. Alifundishwa adabu ya nyumba ile, akaibeba mpaka yetu. Mimi nilikuwa nimekagua maji, wavu, komeo na kupe, nikahesabu geti linafunguliwa mara ngapi. Nilihakikisha atarudi hai. Haikunijia kabisa kuuliza atarudi amekuwa nani, na nilipomwona mama ameacha mkono juu ya godoro tupu nilitamani nimrudishie macho yake mabovu na mbwa wake wa zamani.

Akashusha miguu. Nikainuka kumshika.

"Niache," alisema. "Naona."

Akaenda kwenye kona, akachukua mkeka, akautandika kutoka kitandani mpaka kizingitini, akajilaza juu yake, kichwa mlangoni. Uso wake ukawa karibu kabisa na wa mbwa. Alivua miwani. Alimtazama kwa muda mrefu, jicho hili, kisha lile, akampapasa nywele za mdomoni.

"Ana mvi," alisema.

Nikasogeza taa karibu.

"Amezeeka huyu. Ulijua?"

Kwa mazoea yangu ningesema ni rangi yake tu, ni mwanga wa taa. "Nilijua, mama," nikasema. "Tangu mwaka juzi."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye mdomo wa mbwa. Kisha akaniambia nimletee mto.